Sura ya 5: Nitungie Uzi

Kaa kwenye baraza ya mafundi cherehani wa Kariakoo kuanzia asubuhi hadi jua linapopinda, utalisikia ombi hili zaidi ya mara moja: "Mwanangu, hebu nitungie uzi." Anayeomba ni fundi wa miaka hamsini na kitu, mtu anayemtazama mteja mara moja akakijua kiuno chake kabla hajashika futi. Anayeombwa ni mwanafunzi wake, au mtoto wa jirani aliyetumwa zipu. Mtoto anaulowesha uzi mdomoni, anaupitisha tunduni, anaondoka, na cherehani inaanza kukereza tena.

Ukimuuliza fundi kulikoni, majibu anayo. Nyuzi za siku hizi zinachanua ncha. Sindano zinazoletwa sasa matundu yake madogo. Tena hapa giza, ghorofa la mbele limeziba jua. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa nayo miaka mitano bila kushuku kwamba sindano ni zilezile na kilichobadilika ni jicho.

Nyuma ya mboni ipo lenzi. Ikiwa changa huwa laini, na misuli inayoizunguka inapokaza, lenzi hunenepa na kitu cha karibu kikaonekana wazi. Lakini lenzi hukua kama kitunguu: huongeza tabaka juu ya tabaka maisha yote, na yale ya zamani haina pa kuyatupa. Ya ndani yanazidi kubanwa na kuwa magumu, na misuli inabaki kukaza bila lenzi kunenepa. Vipimo vya jambo hili vinajulikana tangu daktari Mholanzi Franciscus Donders alipochapisha kitabu chake mwaka 1864, na waliomfuata wameviboresha. Mtoto wa miaka 10 huona vizuri kitu kilicho sentimita 7 tu kutoka jichoni. Kijana wa miaka 20 anahitaji sentimita 10. Kwa mtu wa miaka 40 umbali huo umeshapita sentimita 20, kwa wa miaka 50 ni nusu mita, na kwa wa miaka 60 ni kama mita nzima.

Tazama hesabu hiyo kwa makini. Tunasema macho huchoka arobaini, lakini kuchoka kulikwishaanza shule ya msingi na kukaenda bila kupumzika. Kinachotokea arobaini ni kwamba umbali wa kuona unaupita umbali wa kazi. Kwa hiyo siku ya kushtuka hutegemea ajira. Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, anayeinamia skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, atashtuka mapema. Fundi cherehani atafuata. Muuza viazi wa jumla, ambaye mali yake haijifichi, anaweza kufika hamsini na tano akiapa kwamba macho yake ni ya ujana, hadi siku atakapotakiwa kusoma ujumbe wa benki kwenye simu.

Hali hii, ambayo madaktari huiita presibayopia, tumeizoea kuidhania kuwa ya wasomi. Watafiti walipowapima watu wa miaka 40 na kuendelea huko Kongwa, Dodoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2006, waliikuta kwa zaidi ya watu 6 katika kila 10. Hao ni watu wa kijijini, ambao wengi wao hawasomi magazeti. Wanachambua mchele, wanatunga shanga, wanang'oa miiba kwenye nyayo za wajukuu. Na hasara yake imekwishapimwa kwa fedha. Huko Assam, India, wachuma chai waliovuka miaka 40 walipopewa miwani ya karibu, uchumaji wao ulizidi wa wenzao wasiopewa kwa takriban asilimia 22. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2018. Mwaka 2024 ikatoka nyingine kutoka vijiji vya Bangladesh: watu wa kazi za mikono waliopewa miwani walikuwa, baada ya miezi 8, na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 33. Sijui mkopo wa kikundi wala semina ya ujasiriamali inayoweza kujitapa kwa matokeo kama hayo kwa gharama ya miwani ya plastiki ambayo machinga huitembeza mkononi. Nitarudi kwenye miwani hiyo, kwa sababu nina neno nayo.

Kwanza tumtazame yule aliyetunga uzi, na mdogo wake, na yule aliye mgongoni.

Katikati ya msongamano wa Mtaa wa Kongo hupita kina mama waliofunga vichanga kwa khanga, na kichwa kidogo kimegeuzwa pembeni kuangalia yote: ndoo, mabegi, spika, wapiga debe. Anaona nini? Kidogo sana. Kwa kipimo cha hospitali, mtoto aliyezaliwa juzi anahitaji kuwa mita 6 kutoka kwenye kitu ambacho mtu mzima mwenye macho mazuri angekitambua akiwa kama mita 120. Mtaa kwake ni mawingu yanayosogea, ya mwanga na giza. Umbali anaoumudu ni sentimita 20 hadi 30, na huo ndio umbali kati ya titi na uso wa anayemnyonyesha. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano macho mawili huanza kushirikiana, na dunia inapata kina: anaanza kunyakua hereni ya mama na kuipata kweli.

Kosa rahisi hapa ni kufikiri kwamba jicho la mtoto linangoja kukomaa tu, na likikomaa litaona. Anayejifunza kuona ni ubongo, na hujifunza kwa kuletewa picha. David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha jambo hili Marekani katika miaka ya 1960. Walilifunga jicho moja la kitoto cha paka katika majuma yake ya mwanzo, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima kabisa. Lakini sehemu ya ubongo iliyopaswa kulisikiliza ilikwishachukuliwa na jicho la pili, na paka hakuona kwa jicho hilo. Walipomfanyia hivyo paka mkubwa, hakudhurika. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ikawapa madaktari wa watoto haraka ambayo hawakuwa nayo zamani.

Kwa binadamu mlango huo hubaki wazi miaka michache. Mtoto mwenye makengeza, au ambaye jicho moja linahitaji lenzi nzito na lingine halihitaji, huletewa picha mbili zisizopatana. Ubongo huchagua moja na kuipuuza nyingine, na jicho lililopuuzwa huwa jicho vivu. Kabla ya miaka 7 au 8, kuliziba jicho zuri saa kadhaa kwa siku na kumvisha mtoto miwani kunaweza kulirudisha lile vivu kazini. Baadaye inakuwa vigumu, na kwa wengi haiwezekani. Mzazi anayesema "ataacha akikua" anasema kinyume cha yanayojulikana.

Mtoto wa jicho, ambaye tumezoea kumhusisha na wazee, huwapata hata watoto wachanga. Mwaka 2005 jarida la British Journal of Ophthalmology lilichapisha utafiti kuhusu watoto wa Tanzania waliopelekwa hospitali kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wengi walifikishwa muda mrefu baada ya nyumbani kugundua kasoro. Mambo yaliyochelewesha yalikuwa umbali wa hospitali na elimu ya mama, yaani mambo ambayo mpasuaji hana kisu cha kuyatibu. Lenzi yenye ukungu huondolewa kwa muda mfupi tu, lakini ubongo ambao haukuletewa picha miaka mitatu hauletewi kwa upasuaji.

Akishajifunza kuona, mtoto haoni kama sisi, na mara nyingine anatushinda. Chora duara, lizungushie maduara makubwa, litaonekana dogo. Lizungushie madogo, litaonekana kubwa. Mwaka 2010 Martin Doherty na wenzake wa Scotland walieleza kwamba watoto wa chini ya miaka 7 hawadanganyiki sana na mchoro huo kama wanavyodanganyika wanafunzi wa chuo kikuu. Mtoto anaangalia duara. Mtu mzima hawezi tena kuliangalia duara bila kuangalia majirani zake. Kudanganyika huko kumbe ni elimu. Muuza nyanya anayepanga fungu lake kwa ustadi, kubwa juu na zile nyingine pembeni, anaitumia elimu ya mteja dhidi ya mteja mwenyewe. Sidai kwamba umtume mtoto wa miaka mitano kununua nyanya, maana hajui kupatana bei.

Na elimu hiyo hutofautiana kwa mahali. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walitoa kitabu kilicholinganisha jamii nyingi, wakiwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda, kwa mistari ile maarufu yenye mishale mwishoni, ambayo ni sawa kwa urefu ila mmoja huonekana mrefu. Wamarekani wa mji wa Evanston walidanganyika kuliko jamii nyingi za Kiafrika. Waandishi walidhani sababu ni kukulia katika vyumba vya pembe nne na barabara zilizonyooka. Wenzao walibishana nao, na ubishi haujaisha. Ningependa kuona jaribio hilo likifanywa kati ya mtoto aliyekulia ghorofani Kariakoo na binamu yake wa Rufiji.

Kuna jambo moja ambalo mtoto halioni na hatuna ruhusa ya kulifanyia mzaha. Simama ukingoni mwa Mtaa wa Msimbazi saa za kutoka shule. Mtu mzima hujua gari linakuja kwa sababu picha yake inakua jichoni, na ubongo wake hupima inakua kwa kasi gani. Watoto hupima vibaya. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway, London, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa shule za msingi hawawezi kutambua kwa uhakika gari linalowajia kwa mwendo unaozidi kilomita 32 kwa saa hivi. Sababu inashangaza kidogo: gari la kasi, likiwa limebakiza sekunde 5 likufikie, liko mbali kuliko la polepole lililobakiza sekunde hizohizo, kwa hiyo picha yake inakua taratibu zaidi. Kadiri gari linavyokimbia ndivyo mtoto anavyoliona kama limesimama. Bodaboda ni nyembamba, na picha yake ni ndogo zaidi.

Dereva anayepiga honi na kufoka, "Huoni?", amepata jibu lake hapo. Haoni, na hata ukimchapa hataona mpaka ubongo wake umalize kukua. Ndiyo maana naheshimu kazi ya shirika la Amend, lililoweka matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za Dar es Salaam, mpango uliopata tuzo ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Tuta halimwombi mtoto aone asichoweza kukiona. Linampunguzia dereva mwendo.

Mtoto akifika sekondari, macho yake ni makali kuliko yatakavyokuwa tena, isipokuwa kwa wale ambao jicho limerefuka kupita kiasi na ubao umeanza kufifia. Katika miji ya Asia Mashariki, kama Seoul na Taipei, wenye hali hiyo ni wengi mno miongoni mwa wanaomaliza shule, hadi 8 au 9 kati ya 10. Lawama kubwa huangukia vitabu na kukosa mwanga wa nje: mtoto anayeshinda ndani hana jua la kumzuilia jicho lisirefuke. Kwetu bado ni wachache, ingawa mtoto wa ghorofani asiye na uwanja wa kuchezea ana siku inayofanana na ya mtoto wa Taipei kuliko ya babu yake.

Wachache hao tunawasaidiaje? Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha njia mbili: baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure, wengine waliandikiwa karatasi wakanunue. Miezi 3 baadaye, asilimia 26 ya walioandikiwa walikuwa na miwani shuleni au wakiivaa. Waliopewa bure walikuwa asilimia 47. Bure inasaidia, hilo ni wazi. Lakini zaidi ya nusu ya waliopewa hawakuivaa, na anayekumbuka utani wa darasani hatashangaa.

Miaka ya ishirini na thelathini nitaipita haraka, kwa kuwa jicho la umri huo halina habari. Linafanya kazi, na mwenyewe hajui kwamba analo.

Sasa tushuke shimoni. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege na sakafu iliyochimbwa chini ya ardhi. Kwa miaka mingi kabla ya moto wa Julai 2021, mteja aliyetoka kwenye jua la saa saba na kuteremka ngazi alipata mtihani wa macho bila kulipa. Kijana alisimama kidogo, akazoea, akaendelea. Mzee alisimama kwa muda mrefu zaidi, mkono ukutani, watu wakimsukuma nyuma.

Hakuwa anaogopa ngazi. Umri huipunguza mboni, hata gizani haifunguki kama zamani, na lenzi iliyokuwa angavu hugeuka manjano. Mambo hayo mawili pamoja hufanya retina ya mtu wa miaka 60 ipokee takriban theluthi ya mwanga inaoupokea ya mtu wa miaka 20. Juu ya hapo, kemikali inayowezesha kuona gizani hujirudisha polepole zaidi, na seli zinazoitumia zimepungua. Taa inayomtosha mjukuu ni kiza kwa babu, na mjukuu anayelipa umeme hawezi kuamini.

Umanjano wa lenzi hula kwanza rangi ya bluu. Bibi anayechagua khanga jioni anaweza kupewa ya bluu iliyoiva akaiona nyeusi, na akagombana na muuzaji kwa imani kamili. Noti ya shilingi 1,000 ni ya bluu na ya 5,000 ni ya zambarau. Chini ya taa hafifu, kwa jicho la miaka 70, tofauti hiyo hupungua sana, na mtu husaidiwa na picha ya Mwalimu Nyerere au ya kifaru kuliko rangi. Mabadiliko haya huja taratibu, na ubongo husahihisha kimyakimya, hadi lenzi inapotolewa. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, aliyechora miaka kadhaa akiwa na mtoto wa jicho, alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, na baada ya hapo akalalamika kwamba bluu imezidi. Wazee wengi wakishafanyiwa upasuaji husema hivyohivyo: kumbe ukuta ulikuwa mweupe!

Vilevile eneo ambalo mtu anaweza kulishughulikia kwa mtazamo mmoja hupungua. Jicho linafika, ila akili haiwahi kupanga kila kilichomo, hasa penye vurugu, na Kariakoo ni vurugu tupu. Mzee anayetafuta duka moja katikati ya mabango mia hutafuta bango baada ya bango. Mwenye duka anayeandika bei kwa kalamu nyembamba nyekundu kwenye boksi la kahawia anamfukuza mteja mwenye fedha. Herufi nene nyeusi juu ya karatasi nyeupe haina gharama ya ziada.

Si kila kinachobadilika ni hasara. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikuta kwamba wazee hutambua haraka kuliko vijana mwelekeo wa mwendo wa michoro mikubwa yenye mistari mikali. Ubongo wa kijana huzima kwa makusudi mwendo wa kitu kinachojaza macho, ili ubaki na vitu vidogo. Kwa mzee breki hiyo imelegea. Faida ni ndogo, lakini yatosha kumnyamazisha anayedhani uzee ni kupungua tu. Na upo uzoefu, ambao hakuna mashine inayoupima vizuri. Muuza vitenge wa miaka 65 asiyeweza kusoma maandishi ya ukingoni atakuambia kitambaa ni cha wapi kwa kukishika na kukitazama kinavyoanguka.

Nilisema nina neno na miwani ya machinga. Ni miwani halali. Kwa mtu ambaye macho yake yote mawili yanahitaji nguvu ileile, +1.50 au +2.00 ya barabarani hufanya kazi ya ile ya dukani, na fundi wetu angeinunua leo angetunga uzi wake mwenyewe kesho. Ubaya wake ni kwamba inamaliza shida inayoonekana, mtu akaridhika, asiende kupimwa.

Na iko shida isiyoonekana. Katika Kongwa hiyohiyo, utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2000 ulipima watu zaidi ya 3,000 wa miaka 40 na kuendelea, ukakuta glakoma kwa takriban 4 katika kila 100. Watu wa mjini huiita presha ya macho. Haiumi. Huanza kula pembezoni mwa uono, na kwa kuwa jicho moja huziba pengo la lingine na ubongo hujaza kilichobaki, mtu huendelea kutunga uzi huku mshipa wa jicho unakufa. Dawa za matone na upasuaji huizuia isiendelee, lakini kilichopotea hakirudi.

Kwa hiyo nunua miwani yako Kariakoo, hakuna atakayekucheka. Kisha nenda Muhimbili, au CCBRT kule Msasani, au hospitali yoyote yenye kitengo cha macho, waambie wakupime presha ya macho na watazame mshipa kwa ndani, hata kama unaona vizuri. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, mpeleke wiki hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Na kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ana glakoma, usingoje kufika arobaini.